Kikombe Walichonimiminia Nilipopata Kiharusi

Naitwa Atupele, mkulima wa chai na ndizi hapa Mpuguso. Mchungaji ameniomba niseme yaliyonipata bila kuyapamba. Nitasema hata yale yanayonuka. Atakayeona kinyaa anivumilie, mimi nilikiona kumzidi.

Nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nilichuma chai kabla umande haujakauka, na mkungu wa ndizi niliubeba kichwani hadi sokoni. Presha niliambiwa ninayo. Vidonge nilimeza mwezi mmoja, nikajiona mzima, nikaacha. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Siku hiyo, kama saa moja asubuhi, nilikuwa shambani na mume wangu, Anyitike. Majani yakanitoka mkono wa kulia. Nikainama kuyaokota, mkono ukakataa. Nikataka kumwita, ulimi ukawa mzito. Mguu ukalegea, nikaangukia mtaroni, nikasikia nyonga inalia. Mate yakanitiririka hadi shingoni.

Walinibeba mpaka nyumbani. Mume wangu akasema watafute gari. Mdogo wake, Gwamaka, akakataa.

"Kaka, hiki kitu amerushiwa na wachawi. Ukimpeleka hospitali akachomwa sindano, unarudi na maiti."

Mume wangu akairudisha simu mfukoni. Mimi nilisikia kila neno, ila sikuweza kujibu.

Gwamaka akaleta kikombe. Ndani mlikuwa na mafuta ya kondoo yaliyochacha, majivu na mizizi iliyosagwa. Kilinuka ngozi mbichi. Akanibana pua ili nifungue mdomo, akamimina. Koo halikumeza. Nusu ikatokea puani, nusu ikashukia kifuani, nikakohoa mpaka nikajikojolea.

"Mnaona, uchafu unatoka," akasema, akaenda kuongeza.

Saa nane mchana akafika binti yangu Tumpe, mwalimu, anakaa Bulyaga, mjini Tukuyu. Jirani alikuwa amempigia simu. Alinikuta nimelalia matapishi, inzi wametua mdomoni.

"Baba, mama ameanguka saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na toka asubuhi mnamnywesha hii?"

Gwamaka akaanza, "Mwanangu, wewe mambo ya ukoo huyajui."

"Baba mdogo, naomba unipishe nimfute mama yangu."

Hakupaza sauti. Alinifuta, akaita gari.

Hospitali ya Tukuyu walinitundikia dripu, wakanipa rufaa ya Mbeya kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Tulifika jioni. Daktari alitazama picha, akamgeukia Tumpe.

"Damu imeganda, imeziba mshipa kichwani. Dawa ya kuiyeyusha ipo, lakini hutolewa saa chache za mwanzo, na kwa mama zimepita. Tutamtibu kwa njia nyingine. Kinachonitisha sasa ni kifua, maana alichonyweshwa kimeingia mapafuni."

Siku ya tatu homa ilipanda, kifua kikawa kinakoroma. Wakaingiza mpira kooni na mashine ikaanza kunyonya. Niliyaona makohozi yangu yakipita kwenye mpira ule, rangi ya parachichi lililooza, yamechanganyika na chembe za mafuta. Harufu ya kile kikombe ikapanda tena puani. Nilijichukia. Nikamchukia na mume wangu aliyekuwa amesimama pale akitazama sakafu.

Nesi aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo kutoka Tanga. Alinibadilisha nepi, akanifuta ulimi kwa kitambaa, wala hakukunja uso.

"Mama, usione aibu. Yakitoka ndiyo unapona."

Nilitaka kumwambia sioni aibu, naona kinyaa. Mdomo ukatoa povu tu.

Nyonga ilikuwa imevunjika, nikatakiwa kupasuliwa. Wakasubiri kwanza kifua kipate nafuu. Ulimi ulipoanza kurudi, daktari wa usingizi akaja, akavuta kiti.

"Mama Tumpe, tukikupa nusu kaputi, mashine ndiyo itakupumulia. Mapafu yako bado hayajakaa sawa. Tunafanya utafiti wa namna mbili za kusukuma hewa, tujue ipi inalinda mapafu zaidi. Zote zinatumika siku zote. Utapangwa kundi moja kwa kura. Ukikataa, utatibiwa vilevile."

"Nikibadili mawazo?" nilimuuliza, neno moja moja.

"Unatoka. Hakuna atakayekulaumu."

Toka nianguke, huyo ndiye wa kwanza kuniuliza mimi kabla ya kunitia kitu mwilini. Nikaweka dole gumba la kushoto kwenye fomu ya kukubali.

Kabla ya upasuaji walinifundisha kupuliza hewa kwa mrija kwenye chupa ya maji na kukohoa nikiwa nimekumbatia mto. Nilitema kwenye bakuli hadi nikachukia kuliona. Siku yenyewe nililala, nikaamka koo linawasha, kifua chepesi. Homa haikurudi. Mpaka leo sijui nilikuwa kundi gani.

Sasa natembea na fimbo. Mdomo umebaki upande, chai nachuma kwa mkono wa kushoto. Gwamaka alikuja na kuku.

"Shemeji, nilitaka kukusaidia."

"Najua. Lakini ulinibana pua."

Nimemsamehe mbele ya kanisa. Tumbo langu bado. Akinikaribia natema mate pembeni, na Mungu ananiona.

Ndaga fijo, yaani asante sana, mwanangu Tumpe. Asante pia kwa nesi yule, na kwa wagonjwa nisiowajua waliokubali kufanyiwa utafiti kabla yangu, ndiyo maana madaktari walijua pa kuanzia.

Ndugu zangu, mezeni vidonge vya presha hata mkijiona wazima. Mkiona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, tazameni saa, mkimbilie hospitali. Msimtie kitu mdomoni, hata maji. Na msiamue mambo yake juu ya kichwa chake kama mzigo. Anawasikia.