Bilauri Ndani ya Unga

Nikifungua mfuko wa unga wa muhogo, harufu yake hunirudisha juu ya lori lililotutoa ukimbizini Tanzania. Bibi alifukia bilauri yetu ya pekee ndani ya ndoo ya unga, akaipakata ndoo hiyo mpaka kwetu Rumonge.

Kwenye kiwanja chetu tulikuta mtu amejenga, amepanda na michikichi. Alitutazama, kisha akatuletea maji. Bibi akafukua bilauri, akaijaza, akampa yeye. Huku kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo mgeni anywe.

Yule mtu aliishika kwa muda, akamrudishia.

“Onja wewe, mama. Hapa iko kwenu.”

Bibi akanywa, midomo ikawa myeupe kwa unga. Nikacheka, nao wakacheka. Mke wa yule mtu akatandika mkeka, tukakaa.