Somo la Kwanza la Profesa Kuwabara

Profesa Kuwabara Setsuko alifundisha wageni Kijapani kwa miaka thelathini, na viwanda vingi vya mkoa wetu vilitumia kitabu chake. Siku moja alikwenda hospitali kumwona Nghia, mfanyakazi kutoka Vietnam aliyekatwa vidole na mashine ya kukunja bati.

"Msimamizi hakukueleza namna ya kuizima?"

"Alieleza, lakini mbiombio. Sikuambulia kitu."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia 'nimeelewa', Mwalimu. Si ndivyo ulivyotufundisha, somo la kwanza?"

Profesa alirudi nyumbani akakifungua kitabu chake. Aliliandika upya somo hilo, akaweka "sijaelewa, tafadhali rudia." Wenye viwanda wakalikataa toleo jipya, wakaendelea na la zamani. Nghia alirudishwa kwao Vietnam, naye Profesa akaacha kufundisha.