Alama Nyuma ya Jalada

Mimi nauza na kuazimisha riwaya za upelelezi hapa Tabora na sioni aibu. Kuna wanaouza sumu ya panya, na hakuna anayewauliza kitu.

Meza yangu ilikuwa kwenye baraza ya nyumba moja ya zamani, jirani na soko. Pembeni niliegemeza ubao, nikaandika kwa chaki vitabu vipya na vinavyokuja. "Karani wa mizani ya tumbaku ameuawa, na kila mkulima ana sababu. Soma." "Mwezi ujao: dhahabu imepotea Nzega, na wa kwanza kudanganya ni askari. Weka oda." Sifa sikuandika. Kazi ya kusifu niliwaachia wasomaji.

Wengi wao ni warina asali wa kijiji cha Ipole. Kwao kila ukoo una alama yake, inayochomwa kwa chuma cha moto kwenye mzinga, na mzinga wenye alama hauguswi na mtu mwingine. Siku moja mmoja wao alirudisha riwaya aliyoazima, amechora alama yake ndani ya jalada la nyuma. Nikamuuliza ndiyo nini.

"Nimekidhamini, dada," akasema. "Kikiwa kibaya, waje kwangu."

Ikawa desturi yetu. Kitabu chenye alama tatu sihitaji kukinadi.

Mwenye nyumba, mzaliwa wa Ipole huko huko, hakupendezwa. Asubuhi moja alisimama mbele ya ubao akausoma wote.

"Dada, vitabu hivi vinafundisha watu kuua."

"Kaka, watu waliuana kabla mimi sijajua kusoma."

"Ijumaa ubao uwe umeondoka. La sivyo, uondoke wewe na meza yako."

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Dirisha lililokuwa nyuma ya kiti changu lilikuwa la chumba cha mama yake mzazi. Kila wiki nilimpitishia bibi huyo riwaya mpya katikati ya nondo, naye akanirudishia ya zamani, ameizungushia kanga. Aliniomba jambo moja tu: mwanawe asijue, maana angemsumbua. Neno moja lingeniokolea baraza. Nilikasirika, lakini nilikuwa nimemwahidi bibi, nikaendelea kupanga vitabu.

Alhamisi niliufuta ubao, nikaandika upya kwa herufi kubwa zaidi. Ijumaa nikahamishia meza ng'ambo ya barabara, chini ya bati la fundi baiskeli, aliyetaka tu nisimzibie pampu. Ubao nikauelekeza kwenye mlango wa mwenye nyumba. Ndiyo, kwa makusudi. Siku zile biashara ilidorora, wateja walishazoea kivuli cha baraza, na nyumbani nililia. Ubao sikuugeuza.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mlango ule ulifunguliwa. Bibi akatoka na fimbo, riwaya ya karani mkononi, safari hii bila kuizungushia kanga. Akavuka barabara taratibu, bajaji zimesimama kumsubiri. Mwanawe akamfuata mbio.

"Mama, unakwenda wapi?"

Bibi akaendelea mpaka mezani kwangu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Muuaji nilimjua tangu robota la kwanza la tumbaku lilipopimwa. Lakini kitabu ni kizuri. Lete kalamu."

Akafunua jalada la nyuma, akachora mstari mmoja mrefu uliokatwa na miwili mifupi. Mwanawe akainama kutazama. Ilikuwa alama ya mizinga ya marehemu baba yake.

"Ile ya dhahabu imefika?" bibi akaniuliza.

"Bado, bibi."

"Basi nitaingojea hapa hapa." Akamgeukia mwanawe. "Niletee kiti changu."

Mwenye nyumba alinitazama mimi, akautazama ubao, kisha akavuka barabara kwenda kukileta.