Fundi na Sheria Niliyoipitisha

Sheria ile niliipigia kura mimi mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nililisimulia mwishoni, au sikulisimulia kabisa.

Nilikuwa wakili, mtoto wa Mhindi mwenye duka, Mshia, niliyezaliwa Temeke nyuma ya magunia ya baba. Kizaramo nilikijua kabla sijajua kusoma. Niliporudi kutoka masomoni Uingereza nilifungua ofisi mjini, na baadaye Gavana akaniteua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mke wangu alifariki mapema, pamoja na mtoto tuliyekuwa tukimngoja. Sikuoa tena. Nilirudi kuishi katika nyumba ya marehemu baba, duka likiwa limefungwa, nikawa nalala katika chumba ambacho bado kilinuka dengu na mafuta ya taa.

Miaka hiyo Kenya ilikuwa inaungua. Wakikuyu walikuwa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe: wengine msituni wakiwapiga Waingereza, wengine wakilinda vijiji kwa bunduki za Waingereza haohao, na ndugu wakiuana. Serikali yetu iliogopa moto usivuke mpaka. Ukaletwa muswada kwamba Mkikuyu yeyote aliyetiliwa shaka aweza kukamatwa bila mashtaka na kurudishwa kwao. Niliuunga mkono kwa maneno machache. Nilisema mtu asiye na hatia hana la kuogopa. Wenzangu wakagonga meza, tukaenda kunywa chai.

Haikupita miezi mitatu, mwanamke wa Temeke akaja ofisini kwangu, amejifunga kanga mbili, viatu ameviacha mlangoni. Mumewe alikuwa fundi seremala, Mkikuyu aliyehamia kwetu muda mrefu kabla ya vita. Askari walimchukua asubuhi akiwa anapiga randa uani.

"Wamesema sheria ndiyo imemchukua," aliniambia. "Nikaona basi niende kwa mtu wa sheria."

Nilimwambia nitaishika kesi. La kura sikumwambia.

Fundi alikuwa amefungiwa Kurasini, nyuma ya maghala ya bandari, pamoja na wenzake kama thelathini. Aliletwa kwangu akiwa na vumbi la mbao bado kwenye nywele. Kwanza aliniomba nimwambie mkewe kwamba ubao wa mninga ulioegemezwa ukutani ni wa mteja, usiuzwe. Nilimweleza kwamba huenda wakamrudisha kwao. Aliangalia viganja vyake.

"Bwana wakili," alisema, "mdogo wangu yuko msituni. Kaka yangu yuko na walinzi wa serikali. Nikifika kule kila mmoja ataniuliza niko upande gani. Mie niko upande wa Temeke. Huo hawautambui."

Wazee wa jumuiya yetu walipopata habari walikuja nyumbani, watatu, wafanyabiashara wenye heshima zao. Walizungumza kwa upole. Walinikumbusha kwamba maduka yetu yanafunguliwa kwa leseni za serikali, na kwamba Mkikuyu huyo si ndugu yetu wala si wa dini yetu. Mkubwa wao alisema kwamba sisi hapa ni wageni, hata tukizaliwa mara saba. Nikawajibu kwamba mimi nimezaliwa mara moja, na ni hapa. Waliondoka chai yao haijaguswa.

Mahakamani, mwanasheria wa serikali hakuhangaika sana. Alifungua kumbukumbu za Baraza akasoma maneno yangu polepole, kwa Kiingereza kizuri. Jaji akaniuliza kama ni yangu.

"Ni yangu, Mheshimiwa," nilijibu. "Nilikosea."

Jaji alisema, bila ukali wowote, kwamba mahakama haisikilizi majuto ya watunga sheria, inasoma walichoandika. Ombi likatupwa. Kabla juma halijaisha, fundi alipandishwa lori kwenda kaskazini.

Nilijaribu tena Barazani. Nilitoa hoja sheria ile ifutwe, nikazungumza robo saa, nikakaa. Spika akauliza nani anaunga mkono. Nilimsikia mtu akifunga kalamu yake. Hakuna aliyesimama, na hoja isiyoungwa mkono haijadiliwi. Muda wangu ulipokwisha sikuteuliwa tena. Muharamu ule, katika imambara, ukumbi wetu wa maombolezo, nilikaa mkekani kama kawaida yangu, na pande zangu zote mbili pakabaki wazi hadi majlisi ikaisha. Hakuna aliyenitukana. Wateja wakapungua, hata nikabaki mie na karani wangu tukisomeana magazeti.

Siku moja nilikwenda kwa mke wa fundi kumwambia ukweli. Alikuwa akipepeta mchele. Nilisimama uani nikasema kwamba sheria iliyomchukua mumewe mimi nilikuwa mmoja wa walioipitisha. Ungo haukusimama.

"Nilijua," alisema. "Jirani alinisomea gazetini. Ningekwenda kwa nani mwingine?"

Akanionyesha kigoda nikae. Sikuweza.

Fundi alirudi baada ya miaka minne, amekonda, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo. Kutoka kwa mkewe nilisikia kwamba mdogo wake aliuawa, na kwamba kaka yake alikataa kumfungulia mlango. Yeye mwenyewe hakunisimulia lolote. Asubuhi alikuwa akipita mbele ya nyumba yangu, tunasalimiana. Mara kadhaa nilimkaribisha ndani. Akajibu, "Siku nyingine, bwana."

Nikamwagiza anitengenezee kiti, kimoja, cha kuwekwa kwenye baraza ya nyumba yangu. Nilichotaka hasa ni sababu ya yeye kuja. Alileta viwili, vya mninga, vimesuguliwa hadi vinang'aa. Nilimwambia niliagiza kimoja.

"Mtu hakai na kiti kimoja," alisema, akavipanga vikitazamana, akavijaribu miguu kwa kiganja kuona kama vinacheza.

Nilimwomba akae kidogo, nikamwita mpishi alete kahawa. Alikiangalia kile kiti cha pili muda mrefu, nikadhani atakaa. Kisha akasema ana mlango wa watu umelala uani na mvua inakuja, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Kahawa ilikuja katika vikombe viwili. Nilikunywa changu.