Mteja wa Kwanza na Shotgani Yake

Mama Nitin alizaliwa Mwanza, nyuma ya duka la baba yake, na tangu hapo hajawahi kukaa mbali na kaunta. Jina lake Geeta, lakini mimi ni mtu wa Tanga, siwezi kumwita mama mzima kwa jina tupu. Duka lake liko Walthamstow, London, karibu na soko: magazeti, maziwa, ndizi mbichi. Kila asubuhi nikitoka kusafisha maofisi hupita pale tukapiga soga kwa Kiswahili na kumsengenya mumewe, Chandrakant, ambaye husikia yote na kujifanya hasikii.

Mwaka 2002 jirani mmoja, Pullen, alivunja kioo cha duka kwa tofali huku akipiga kelele kwamba Wahindi warudi kwao. Mahakama ikamtia hatiani kwa kosa la chuki ya rangi, ikamtoza faini. Tukadhani yamekwisha. Kumbe bwana yule ana bunduki aina ya shotgani nyumbani, ya kulengea shabaha mashambani, tena kwa kibali. Chandrakant akaenda polisi. Akaambiwa kwa upole kwamba faini peke yake haimwondolei mtu kibali, na kwamba wao hawaoni hatari. Upole wa watu hawa utaniua siku moja. Mtu kakuvunjia kioo kwa sababu ya ngozi yako, ana bunduki kabatini, nawe unakaribishwa chai.

Baada ya hapo Pullen akawa mteja wa kwanza kila asubuhi. Gazeti moja tu. Na kwa wenye maduka kama kina Mama Nitin, mteja wa kwanza hafukuzwi wala hanuniwi, maana ndiye anayefungua riziki ya siku nzima. Basi Mama Nitin alimpa gazeti, akatabasamu, akamshukuru. Lakini vitanda vya watoto, waliolala juu ya duka, alishavihamishia chumba cha nyuma, mbali na barabara.

“Mfukuze,” nilimwambia.

“Siwezi, Mama Msabaha. Nianze siku kwa kumfukuza customer? Na huyu mwenye bunduki?”

Wakati huo mbunge mmoja alikuwa akipendekeza sheria: aliyetiwa hatiani kwa kosa la chuki asimiliki bunduki. Akaitisha mkutano maktabani, akamwomba Mama Nitin aeleze yaliyompata. Chandrakant alimsihi asiende. Alikwenda, nami nikamsindikiza. Tulipoingia, Pullen alikuwa ameketi mstari wa pili, kavaa koti safi.

Alizungumza Kiingereza polepole. Alieleza kioo, matusi, vitanda vya watoto. Alipomaliza, Pullen akasimama bila hasira yoyote.

“Huyu mama ananiogopa? Kila asubuhi ananichekea. Ananiambia asante. Muulizeni.”

Watu wakageuka kumtazama Mama Nitin. Hata mbunge akainamia karatasi zake. Nilitaka kusimama niwaeleze habari ya mteja wa kwanza, lakini damu ilinichemka mpaka Kiingereza kikanikimbia chote. Niliogopa kwamba hawatamwamini tena.

Mama Nitin alishika mgongo wa kiti.

“Ni kweli nakuchekea,” akasema. “Nakuchekea kwa sababu una bunduki.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mbunge akasema maneno hayo atayafikisha bungeni, na mkutano ukaisha.

Kesho yake asubuhi, nilipotoka kazini, sikwenda nyumbani kulala. Nilisimama dukani, kando ya friji ya maziwa. Pullen akaingia, wa kwanza kama kawaida, akaweka sarafu. Mama Nitin akampa gazeti. Bwana yule hakuondoka. Alisimama akimtazama usoni, akisubiri.

Mama Nitin hakutabasamu. Alimtazama tu, mpaka Pullen akatoka.

Kisha Mama Nitin akaketi juu ya kreti. “Funga mlango, Mama Msabaha,” akasema. “Leo watoto wataenda shule kwa mlango wa nyuma, huyu asiwaone.”