Mwaka Tuliowafunga wa Ng'ambo

Vyuo vilikuwa viwili na vilitazamana. Katikati yake ilipita barabara pana ya Randburg yenye robot, taa za barabarani kama zinavyoitwa huku, iliyozimika kila mvua iliponyesha. Sisi tulikuwa upande wa maduka, wao upande wa kituo cha mafuta. Vyote vilikuwa vyuo vya watu binafsi: ghorofa za ofisi zilizogeuzwa madarasa, mabango makubwa ya vijana wanaocheka, uhasibu, utalii, kompyuta. Wanafunzi wetu hawakuwataja wenzao kwa jina la chuo. Walisema tu "wale wa ng'ambo", nami nikazoea kuwaita hivyo.

Wakuu wa vyuo hivi walikuwa marafiki zamani. Walianzisha chuo kimoja pamoja, wakagombana, mmoja akavuka barabara na nusu ya walimu. Kwa nini waligombana, kila mtu alikuwa na hadithi yake. Nilichokiona mimi ni kwamba ugomvi wao ulishuka kwa wanafunzi waliokuwa hawajazaliwa ulipoanza, nao waliubeba kwa moyo wote. Na palikuwa na mahali pamoja tu pa kuutoa, uwanja wa netiboli.

Mimi nilikuja Johannesburg kwa ndoa. Mume wangu alizaliwa Morogoro, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini, tukajuana shuleni Dodoma kabla familia yake haijarudi kwao. Baadaye nilimfuata, tukakaa mtaa wa Observatory, kwenye nyumba ya wazazi wake pale mlimani. Nyumbani nilikuwa nimecheza mpira wa pete mpaka timu ya mkoa. Chuo kiliniajiri maktaba. Mwaka 2015 kocha wa netiboli alipoacha kazi, mkuu wa chuo akaniuliza kama najua kupuliza filimbi. Nikamwambia najua, na mengine zaidi ya filimbi.

Mazoezi ya kwanza mpira ulitoka nje mara tatu mfululizo, nikatukana kwa Kiswahili nikidhani niko peke yangu. Msichana mrefu aliyesimama chini ya pete akageuka.

"Mama, weye unasema Kiswahili?"

Alizaliwa Lubumbashi, akaletwa huku ana miaka sita. Mama yake alisuka nywele mjini, kwenye jengo la zamani ambalo ghorofa ya juu ilikuwa kanisa. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, kimechanganyika na Kizulu cha shule na Kiingereza cha chuo. Alikuwa mfungaji. Alirusha kwa mkono mmoja, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, na alikosa mara chache sana. Alisomea uhasibu. Mwaka wangu wa pili nilimfanya nahodha.

Mwaka huo, 2016, tulichukua ubingwa wa ligi ya vyuo daraja la kwanza. Chuo hakikuwahi kuuchukua. Tulipoteza mechi mbili tu msimu mzima, na zote mbili zilikuwa za wa ng'ambo, ambao walimaliza katikati ya msimamo na hawakutishia mtu mwingine. Tulipocheza nao miguu ya wasichana wangu ilikuwa mizito. Walikuwa wanaogopa kelele. Wa ng'ambo walikuja na matarumbeta na ngoma, wakaimba kutoka mwanzo hadi mwisho, na sisi tukarusha mipira kana kwamba pete imefungwa kifuniko.

Nilipeleka kombe ofisini kwa mkuu wa chuo. Alilipokea, akaligeuza, akaangalia chini yake.

"Asante, kocha," alisema. "Sasa niambie, nitaliweka wapi?"

Nikamwambia mapokezi, pale mlangoni, wageni walione.

"Wageni? Jana nimesimama kwenye robot, yule bwana wa ng'ambo akashusha kioo cha gari akaniuliza kama wasichana wangu wameshajua pete iko wapi. Alikuwa na mke wake. Walicheka wote wawili." Akaliweka kombe sakafuni, karibu na mashine ya fotokopi. "Mwaka ujao nataka mechi moja. Mengine fanyeni mnavyoweza."

Ningeweza kumkatalia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumkatalia. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba hata mimi yalikuwa yananiuma yale matarumbeta. Nilikulia kwenye nchi ambayo mechi ya watani wa jadi inasimamisha kazi, mtu anaweza kununiana na kaka yake wiki nzima. Ubingwa tulipouchukua, wanafunzi walikuja wachache, wakapiga picha, wakaondoka. Tulipofungwa na wa ng'ambo, watu walilia.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilifundisha mechi moja. Niliwapa wanafunzi spika kubwa, wakawa wanapiga kelele wakati wa mazoezi ili wasichana wazizoee. Niliwapa wasichana jina la kila mchezaji wa ng'ambo, anakimbiaje, anachoka lini. Mechi za timu nyingine tulizicheza kama watu wanaosubiri basi. Tulishinda baadhi, tukapoteza nyingi. Mechi ya kwanza ya watani, ile ya mwezi wa tano, ilitoka sare, na chuo kizima kilifurahi utadhani tumeshinda.

Kwenye faili langu kulikuwa na barua ya kampuni iliyowalipia ada baadhi ya wachezaji. Niliisoma vizuri nilipokabidhiwa timu. Ilisema ufadhili ni kwa wachezaji wa timu iliyo daraja la kwanza. Sio bingwa, sio ya pili. Daraja la kwanza, basi. Saba kati ya wasichana wangu walisoma kwa barua hiyo, na nahodha alikuwa mmoja wao. Wengine sita walikuwa raia, wangeweza kuomba mkopo wa serikali. Yeye alikuwa na karatasi ya kuomba hifadhi tangu utoto, ile ya kwenda kuipangia foleni kila baada ya miezi kadhaa. Hakukuwa na mwingine wa kumlipia.

Zilipobaki mechi nne, tulikuwa juu kidogo ya mstari wa kushuka. Mechi mbili, kisha wa ng'ambo, kisha ya mwisho. Nikaamua kuwapumzisha wachezaji wangu watano bora katika mechi mbili za kwanza, wafike kwa wa ng'ambo wakiwa wabichi. Nilipobandika majina ukutani, nahodha alinifuata maktaba. Kulikuwa na baridi ile kavu ya mwezi wa saba, alikuwa amevaa koti la mama yake.

"Mama, kama tunashuka daraja, mimi nitakuwa namna gani?"

Alikuwa anajua. Alikuwa amesoma barua yake mwenyewe, kama mtu anayesomea uhasibu anavyosoma.

"Hatushuki," nikamwambia. "Usijali. Mechi ya mwisho ni ya timu nyepesi, tutapata pointi pale."

"Kweli?"

"Kweli."

Aliniangalia kidogo, akasema, "Sharp, mama," yaani sawa, akaenda darasani.

Mechi zote mbili tulifungwa. Nilimkalisha benchi pembeni yangu, akapiga makofi kwa kila aliyeingia.

Siku ya wa ng'ambo ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, uwanja wao, sakafu ya saruji yenye nyufa, majani ya pembeni yamekauka rangi ya mkate. Sijawahi kuona watu wengi vile kwenye netiboli. Mkuu wetu alisimama upande mmoja, mkuu wao upande wa pili, na hawakuangaliana hata mara moja. Matarumbeta yakaanza. Wasichana wangu wakaanza kutabasamu. Walikuwa wamezisikia kelele zile miezi mitano.

Robo ya kwanza tuliongoza kwa mabao matatu. Ya tatu, kwa tisa. Nahodha alirusha kana kwamba yuko peke yake nyuma ya nyumba yao. Mlinzi wao alimkanyaga, akamvuta fulana, akamwambia maneno ya Kizulu kuhusu kurudi kwao ambayo mimi niliyasikia na mwamuzi akajifanya hakuyasikia. Alirusha tu. Mwisho wa mchezo tulikuwa tumeshinda kwa mabao kumi na mbili, na wanafunzi wetu wakambeba mabegani, wakavuka naye barabara, magari yakisimama na kupiga honi. Mkuu wa chuo alinikumbatia. Alikuwa analia. Akaagiza nyama, moto ukawashwa kwenye maegesho ya magari, walimu wakacheza na wanafunzi. Nilimwona nahodha amekaa juu ya boneti ya gari ya mkuu wa chuo, watu wanampiga picha, na nikafikiri: hata kama ni hili tu, linatosha.

Jumamosi iliyofuata tulicheza na ile timu niliyoiita nyepesi. Wasichana wawili walikuwa wameumia nyama za mapaja, wengine walikuja wamejaa sifa. Wanafunzi waliokuja kutazama walikuwa sita. Tulifungwa kwa bao moja. Tukashuka daraja kwa pointi moja.

Barua ya kampuni ilikuja mwezi wa kumi na moja. Nilipanda kwa mkuu wa chuo nikiwa nayo mkononi. Ukutani, juu ya meza yake, alikuwa ameweka picha ya siku ile, kubwa, ndani ya fremu.

"Chuo kimlipie huyu mmoja," nikasema. "Amebakiza mwaka mmoja tu."

"Kocha, nikimlipia yeye, hao sita watasema nini?"

"Wao wana pa kwenda. Yeye hana."

"Eish," akasema, na nadhani alisikitika kweli. "Hili lilikuwa la kampuni, sio letu. Mwambie ajaribu kanisani kwao."

Sikumwambia ajaribu kanisani. Sikumwambia chochote kwa wiki mbili, mpaka akasikia kwa wenzake. Januari hakurudi.

Nilimfuata saluni kwa mama yake mwezi wa tatu. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anamsuka mteja, vidole vinakimbia. Mama yake hakuwepo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema nilijua kuhusu barua, nilijua tunaweza kushuka, na nilimdanganya maktaba. Nikamwomba anisamehe.

Hakuacha kusuka.

"Minajua ulijua, mama. Na mimi nilijua. Ningeomba kucheza zile mechi mbili, ungenikataza?"

"Ningekukataza."

"Mimi sikuomba kucheza. Nilitaka wale wa ng'ambo tu." Akachukua kipande kingine cha rasta, akakitenganisha. "Watu walinibeba katika barabara. Hapa mutu hanibebi, wananiita kwerekwere, mugeni asiyetakiwa. Ile siku usiiombee msamaha. Ukiiombea msamaha, unaniondolea."

Nilikaa kidogo, nikaaga. Mteja, ambaye hakujua Kiswahili, alinipungia mkono kwa adabu.

Nilishika maneno yale muda mrefu kama mtu anayeshika risiti. Nilijiambia kwamba mwenyewe ameshasema. Nikaendelea kufundisha daraja la pili, wasichana wapya, viwanja vibovu zaidi.

Mwaka 2019 tuliitwa mkutano wa wafanyakazi wote. Mbele walikaa wakuu wawili, wetu na wa ng'ambo, viti vimegusana. Walitueleza kwamba wanafunzi wamepungua, kodi ya majengo imepanda, na vyuo vitaungana kuanzia muhula ujao. Mkuu wetu alitania kwamba sasa hatahitaji kuogopa robot. Watu walicheka. Kisha walikula sandwichi pamoja, yule wa ng'ambo akimsimulia mwenzake habari za mjukuu. Hakuna aliyekuwa na hasira. Nilitafuta hasira kwenye nyuso za watu wote wawili, hata kidogo, nisiione. Timu mpya ingekuwa moja, wakaniuliza rangi gani ya fulana naipenda.

Niliandika barua ya kuacha kazi wiki ile. Halafu nikaenda mjini kumwambia nahodha, kwa sababu niliona ni haki asikie kwangu.

Saluni ilikuwa na viti viwili badala ya vitano. Mama yake alikuwa peke yake, anafagia nywele. Alinitambua kabla sijajitaja. Nikamsalimia, nikamuuliza binti yuko wapi.

"Yuko Rustenburg. Ameenda na mwanaume." Alifagia mpaka ukutani. "Ako na mtoto sasa. Anapiga simu wakati ya shida."

Nikamweleza habari ya vyuo kuungana. Alisikiliza akiwa ameegemea ufagio.

"Kumbe walikuwa ndugu," akasema.

"Mwenyewe aliniambia," nikaanza, "aliniambia ile siku ilikuwa..."

"Alikuwa na miaka ishirini na moja. Weye ulikuwa na ngapi?"

Nilikuwa na thelathini na nane. Akaendelea, bila kupandisha sauti:

"Nilikuwa nasema kwa watu wa kanisa, huyu atakaa ofisini. Mimi nimesimama miaka kumi na tano, miguu imevimba, nikasema yeye atakaa. Nilikuambia weye siku moja, kwa simu, mama, unichungie huyu. Ukasema ndiyo."

Nilisema ndiyo. Niliikumbuka simu ile pale pale, niliipokea nikiwa napanga vitabu.

Chini barabarani wachuuzi walikuwa wanaita bei, na juu watu wa kanisa walikuwa wanajaribu kinanda. Aliweka ufagio kwenye kona, akafuta kiti kwa kitambaa, akaniuliza kama nimekuja kusuka au nimekuja kusimama. Nikakaa. Alinisuka kwa saa tatu, akikaza sana.