Maji ya Mtani

Kama unamtafuta Sikudhani binti Mwinjuma, usipoteze nauli ya bodaboda kwenda nyumbani kwake. Nyumba iko juu, kando ya barabara ya Lindi, ina mlango wa bluu na kuku wasio na adabu. Mwenyewe yuko bondeni, kwenye tope la Rufiji, na ukimwita ataitika huku ameinama. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuwatimua nguruwe pori bila kupiga debe. Mumewe alipofariki alimwachia jembe na shamba. Jembe limeshabadilishwa mpini na bapa, kwa hiyo sijui kama bado ni lile lile. Shamba ni lile lile, ingawa nusura limponyoke.

Mambo haya ni ya miaka michache nyuma, kabla bwawa kubwa la huko juu halijaanza kushika maji, wakati mto ulipokuwa ukijiendea utakavyo. Mwaka mmoja Sikudhani hakulima kabisa. Binti yake Habiba alijifungua kwa taabu, akalazwa Mchukwi, na mama mtu akahamia hospitalini na khanga zake na sufuria. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mwalimu mmoja wa Kibiti, naye aliuguzwa na mama yake, Petronila, Mpogoro aliyeteremka kutoka milima ya Mahenge, ambako maji yake huishia mto Rufiji.

Kama makabila yao yana utani wa asili, mimi sijui. Hawa wawili hawakungoja kuwauliza wazee. Petronila aliposikia mwenzake analima bonde la Rufiji, aliangua kicheko.

"Kumbe ndio ninyi! Mama, maji yote mnayokunywa huko chini, sisi tumeshanawia miguu."

Sikudhani hakukawia. "Na mvua yenu mnaitoa wapi? Si baharini kwetu? Jua linayapandisha maji, linatuachia chumvi, upepo unawabebea ninyi mawingu mpaka mlangoni. Tunawanywesha maji safi, mnaturudishia machafu. Ndiyo shukrani hiyo?"

Wodi nzima ikacheka. Habiba alicheka huku ameshika mshono, akimwomba mama yake anyamaze. Tangu siku hiyo wale wanawake wakawa pete na kidole, na hata walipoachana waliendelea kutaniana kwa simu. Petronila akipiga, salamu yake ilikuwa, "Mnywa sabuni, nimefua leo!" Sikudhani akijibu, "Mawingu nimekutumia, yakichelewa muulize upepo."

Sikudhani aliporudi nyumbani alimkuta shemeji yake Mfaume anamsubiri barazani. Mfaume ndiye mkubwa wa ukoo. Si mtu mbaya, ila ulimi wake ni msumeno.

"Shemeji, shamba la marehemu limelala mwaka mzima," alisema. "Likilala wa pili, ukoo utampa mwenye mikono. Ndiyo desturi, sikuitunga mimi."

"Halitalala," Sikudhani akajibu.

Ukafika mwaka wa pili, na masika yake yalikuwa ya kutisha. Mto ulivunja kingo, ukalala juu ya mpunga wa bonde zima, wa Sikudhani pamoja nao. Lakini Mrufiji hayaiti mafuriko msiba mtupu. Maji yanapoondoka yanaacha tope jipya, jeusi, lililoshiba, na watu huyafuata nyuma wakipanda mahindi. Kilimo hicho ndicho mlau. Mahindi ya mlau hayangoji mvua, hunywa kutoka chini, kwenye maji yaliyojificha ardhini, mpaka yakomae. Shida yake ni moja tu. Ukiwahi, mto unaweza kurudi ukachukua mbegu. Ukichelewa, jua linalikausha tope, linapasuka, na mbegu haioti tena.

Sikudhani alikuwa na debe moja la mbegu, alilolitundika juu ya jiko ili moshi ufukuze fukusi. Hakuwa na jingine wala fedha ya kununua jingine. Shamba zima lilikuwa ndani ya debe lile.

Maji yakaanza kushuka. Mbingu ya huku kwetu Kibiti ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kumfunika kuku. Bonde zima likaingia kupanda kwa vifijo, naye Sikudhani akateremka na debe lake kichwani. Alikuwa hajachimba shimo la kwanza simu ilipolia kwenye fundo la khanga.

"Haya, umefua?" akaitikia akicheka.

Upande wa pili hakuna aliyecheka.

"Mama Habiba," Petronila alisema, na hilo peke yake lilimshtua, maana hakuwa amewahi kumwita kwa jina la heshima. "Leo sikutanii. Mvua huku haijakatika tangu Jumapili. Daraja letu limeondoka. Maji haya yote yanakuja kwako. Usipande."

Sikudhani alisimama na jembe mkononi. Alipowaeleza majirani, walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mvua iko Mahenge, wewe uko Rufiji!" Mfaume alimwambia. "Tazama juu, shemeji. Mafuriko yatatoka wapi, kwenye jua hili? Tena maneno yenyewe ya mtani! Mtani kazi yake si kukudanganya?"

"Leo hakutania."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tope likikauka nakuja na wazee."

Sikudhani akabeba debe, akarudi nalo. Watu walidhani amerudi kwa ukaidi, lakini kwa hakika alirudi kwa hofu. Kila asubuhi alishuka akachomeka kidole kwenye tope. Siku za mwanzo kilizama chote. Baadaye likaanza kushika ganda juu. Mahindi ya Mfaume yalikuwa yameshachomoza, mistari ya kijani kibichi, mizuri kuliko haki. Bombani wanawake walimuuliza kama mtani wake atamlisha. Siku hiyo alipanda kwenye dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia ndege, akalia. Alimlilia mumewe, akaililia akili yake mwenyewe.

Akapiga simu. "Petronila, maji yako wapi?"

"Yako njiani, mwenzangu. Maji hayapandi basi. Yanapita kila kona, yanajaza kila bonde, ndipo yafike."

"Wananicheka."

"Waache wacheke. Mimi nimeyaona kwa macho yangu."

Yalifika mchana kweupe, jua likiwaka. Kwanza mto ulibadilika rangi, ukawa mwekundu kama chai ya maziwa iliyochacha. Kisha ukaanza kupanda, kimya kimya, bila tone moja la mvua kudondoka Kibiti. Watu walikimbia na majembe. Jioni yake mistari ya kijani haikuonekana tena, bonde lote likawa maji. Sikudhani alikaa mlangoni kwake amelikumbatia debe, akisema Alhamdulillahi, halafu akiona aibu kushukuru wakati wenzake wanalia, halafu akishukuru tena.

Maji yalipoteremka safari hii aliyafuata unyounyo. Kila ukanda mto ulioachia asubuhi, jioni ulikuwa na mbegu ndani. Alipomaliza shamba lake debe lilikuwa bado na zaidi ya nusu, na majirani wamepanga foleni na makopo. Aliwagawia. Mfaume alikuja wa mwisho, kopo lake amelificha chini ya koti.

"Shemeji," alisema, akitazama pembeni.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Sikudhani akamjibu. "Kaa hapo kwanza, nimalize chai."

Alikunywa kikombe, akaongeza cha pili. Kisha akamjazia kopo mpaka likamwagika.

Mvua haikunyesha miezi yote ile, na mahindi hayakuiulizia. Yalikunywa mvua ya Mahenge chini ya miguu yao, yakampita Sikudhani kimo, kila bua likazaa mahindi mawili mawili. Siku ya kuvuna Mfaume alikuja kweli na wazee, kama alivyoahidi. Akalizunguka shamba, akavunja hindi moja, akalimenya mbele yao.

"Shamba lina mwenyewe," akasema. "Asilizungumzie mtu tena."

Sikudhani alipiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani, na gunia la kwanza akalipakia basi liende kwa Petronila.

Tangu hapo bonde lote humuuliza Sikudhani Mtani anasemaje, na anayeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mfaume. Lakini mwaka ule ule, kiangazi kilipokaza, aliyeteseka alikuwa Petronila. Visima vyao vilikauka. "Mtani, umetusahau," alilalamika. Sikudhani akanyoosha shingo upande wa bahari, ambako mawingu yalikuwa yakijikusanya mazito, yakielekea bara.

"Tega ndoo," akamwambia. "Nimeyaona yakipita."

Desemba simu ilimkuta shambani, analainisha udongo wa mpunga. Hakusikia sauti ya mtu. Alisikia kishindo cha mvua kwenye bati, na nyuma yake kicheko cha Petronila aliyetoa simu nje ili isikike.

"Yamefika, mtani! Yamefika, na hayana chumvi!"

"Kunyweni mshibe," Sikudhani akajibu, jembe begani, tope mpaka magotini. "Halafu unirudishie taratibu. Shamba huku lina mwenyewe."